Mfano Katika Ukurasa wa Tatu

Jina la Mama Stoo lilianza wodini siku ya Jumatatu, na kufikia Jumanne mchana lilikuwa limeshafika maabara, jikoni na kwa walinzi wa getini. Mwenye jina alikuwa wa mwisho kulisikia. Alilisikia akiwa nyuma ya pazia la kitanda cha nane, akimtafutia mtoto mshipa, kazi ambayo wauguzi wenzake humwitia kila wanaposhindwa. Upande wa pili wa pazia mmoja aliuliza boksi la glavu liko wapi, na mwenzake akamjibu, "Kamuulize Mama Stoo. Kama hajajifungia." Wakacheka kicheko kile cha chini, cha watu wanaojua kwamba wanayemcheka hayuko mbali.

Hakutoka. Aliingiza sindano, akabandika plasta, akamsifu mtoto kwa kutorusha mguu. Mama wa mtoto alimtazama mara moja, kisha akajifanya anapanga khanga kwenye mfuko.

Stoo aliijua. Wiki tatu nyuma alijifungia katika stoo ya mashuka akalia, robo saa, akiwa ameegemea rafu ya foronya safi. Miezi miwili kabla ya hapo alikuwa amefanywa msimamizi wa wodi ya watoto, kwa sababu hakuna aliyekuwa na mkono kama wake, na tangu siku ile mkono karibu haukuwa na kazi tena. Kazi ilikuwa kupanga zamu za wenzake kumi na wanne na kusikiliza malalamiko yao. Kilio kile hakuwa amemwambia mtu hata mmoja hospitalini. Alimwambia mumewe tu, jikoni, wakimenya viazi.

Mwanafunzi wa uuguzi aliyekuwa wodini kwa mazoezi alimkuta kwenye sinki, akimwonea huruma waziwazi.

"Sista, ni ile karatasi ya chuo," alisema. "Mkuu wetu wa idara alitugawia nakala tutoe maoni. Mimi sikuisambaza, naapa. Iko ukurasa wa tatu."

Akatoa kwenye mfuko wa sare karatasi zilizokunjwa mara nne. Muuguzi alizikunjua kwa vidole vilivyolowa. Jalada lilikuwa na jina la mumewe.

*

Mume alikuwa mhadhiri wa usimamizi katika chuo kikuu cha mji huo, mtu mpole, mwenye tabia ya kuomba ruhusa hata kubadilisha stesheni ya redio nyumbani kwake. Kwa mwaka mzima alikuwa akiandika andiko moja. Alitaka chuo kianzishe Fani Ndogo ya Usimamizi kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza wanaosoma mambo mengine kabisa. Mwanafunzi wa uuguzi angebaki kuwa wa uuguzi, wa uhandisi angebaki wa uhandisi, wa muziki vivyo hivyo, ila kila mmoja angeweza kuongeza masomo sita ya kusimamia watu na kazi, na cheti chake kingesema hivyo. Kamati ya Mitaala ilikuwa imemrudishia andiko mara mbili. Mara ya kwanza walisema wanafunzi hawana nafasi. Mara ya pili walisema hakuna ushahidi kwamba kuna mtu anayelihitaji jambo hilo.

Basi mara ya tatu aliweka ushahidi.

Mkewe alimkuta sebuleni saa kumi jioni, miguu juu ya stuli, akipanga karatasi. Alipoona nakala mkononi mwa mkewe uso ulimng'aa.

"Imefika mpaka kwenu?" aliuliza.

"Imefika, Baba Rula. Imefika mpaka getini."

Rula lilikuwa jina la utani la binti yao, mwanafunzi wa usanifu majengo, ambaye tangu utotoni hakuweza kuona mstari uliopinda akanyamaza. Lilikuwa limewashika na wazazi.

Mkewe hakuvua viatu. Alisimama katikati ya sebule akasoma kwa sauti, taratibu, kama anayesoma maelekezo ya dawa: "'Kwa mfano, muuguzi mmoja wa wodi ya watoto, hodari wa kupata mishipa, alipandishwa cheo kuwa msimamizi bila mafunzo yoyote ya usimamizi. Baada ya miezi miwili alishindwa kupanga ratiba ya zamu, akajifungia katika stoo ya mashuka akilia, na wodi ikabaki bila kiongozi.'"

"Sikuandika jina," mume alisema.

"Wodi za watoto ziko ngapi mji huu?"

"Moja."

"Wasimamizi wake wangapi?"

Mume alishusha miguu kwenye stuli.

"Nilitaka waone kwamba hata mtu hodari kama wewe—"

"Nilikuambia wewe. Sikuiambia kamati."

"Ni kweli."

"Na umeongopa. Wodi haikubaki bila kiongozi. Kabla sijaingia mle nilimwachia mwenzangu funguo za dawa, nikamwambia nakwenda kuhesabu mashuka. Dakika kumi na tano. Hata kulia nililia kwa ratiba, Baba Rula, halafu unaandika kwamba ratiba imenishinda."

Wakati mwingine maneno hayo yangewachekesha wote wawili. Mume alifungua mdomo aone kama inaruhusiwa kucheka, akaufunga. Mkewe aliiweka nakala juu ya stuli, akachukua mto wake chumbani, akaenda kuuweka katika chumba cha binti.

Chumba cha Rula kilikuwa na gundi kila mahali. Juu ya meza kulikuwa na zahanati ya kadibodi, milango yake yenye ukubwa wa kucha. Ilikuwa kazi ya kundi la watu watano, na watu wanne wa kundi hilo hawakuwa wameonekana tangu wiki iliyopita.

"Mama, mimi niliisoma," Rula alisema bila kuacha kukata kadibodi. "Baba alinipa nimsahihishie herufi. Nilijua ni wewe."

"Ukanyamaza."

"Nilidhani amekuomba. Ungedhani nini? Baba huyu huyu, anayeuliza kama anaweza kumalizia chai?"

Mama alikaa kitandani. Alimtazama bintiye akibandika ukuta, akiubandua, akiubandika tena.

"Wenzako wako wapi?"

"Wanakuja kesho."

"Jana ulisema hivyo."

"Nikiwaambia watasema najifanya bosi. Naona bora nimalize mwenyewe."

Mama alivua viatu, akavipanga chini ya kitanda cha bintiye, na kwa siku mbili mumewe hakuongeleshwa isipokuwa kwa kupitia mtu wa tatu. "Mwambie baba yako chumvi iko kabatini." "Mwambie mama yako nimeiona, ahsante." Rula, aliyekuwa katikati yao na bakuli mkononi, alisema kama ni hivyo alipwe nauli.

*

Jumatano asubuhi mhadhiri alikwenda kwa mkuu wa kitivo, mtu mnene mwenye sauti ndogo, aliyependa kuitwa mzee ingawa nywele alikuwa anazipaka rangi.

"Nataka kuondoa mfano wa ukurasa wa tatu," mhadhiri alisema.

"Kamati inakaa Ijumaa. Mfano huo ndio uliobeba andiko zima. Mkuu wa uuguzi mwenyewe, yule aliyekupinga mara mbili, alinipigia simu kusema sasa ameelewa."

"Ameelewa kwa sababu amemjua."

"Basi si vizuri? Amemjua, ameguswa."

"Ni mke wangu, mzee."

Mkuu wa kitivo alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa tena. Hilo hakuwa amelijua.

"Hukumwomba?"

"Sikumwomba."

"Ukiuondoa, lazima uandike sababu. Nakala kwa wajumbe wote kumi na wawili. Na wakisema tena hakuna ushahidi, mwaka mwingine umekwenda. Unajua mwakani siko kwenye kiti hiki. Atakayekuja huenda asitake hata kulisikia."

Mhadhiri alijua. Alijua pia kwamba miaka tisa amekuwa kwenye daraja lile lile, na kwamba andiko likipita ndilo angekuwa nalo la kuonyesha wakati wa kupandishwa. Alikwenda ofisini kwake akaandika barua ya mistari mitatu. *Mfano uliomo katika ukurasa wa tatu niliutumia bila idhini ya mhusika. Aidha, una makosa, kwani wodi haikubaki bila kiongozi. Naomba uondolewe, na namwomba radhi mhusika.*

Katibu muhtasi wa kitivo aliipokea, akaisoma yote kwa sauti huku akigonga muhuri, mbele ya wahadhiri wawili waliokuwa wanasubiri mashine ya kunakili. Alipofika kwenye "mhusika" mara ya pili, alinyanyua macho.

"Si wa nyumbani huyu?"

"Ndiye."

"Unalala wapi sasa, Mwalimu?"

Wale wawili walicheka. Mhadhiri naye alicheka kidogo, ili aondoke.

Jioni alimtuma Rula aulize kama anaweza kwenda wodini kuwaeleza wauguzi kwamba kosa ni lake. Jibu lilirudi upesi.

"Mama anasema usithubutu. Ukifika pale watakuita Baba Stoo, na yeye atakuwa na wawili wa kutunza."

*

Alhamisi matroni alimwita msimamizi wa wodi ofisini. Hakumkaripia. Alimkaribisha kiti, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

"Watu wanasema mengi," matroni alisema. "Mimi nakujua. Lakini kama mzigo umekuwa mzito, rudisha funguo, urudi kwenye mishipa yako. Hakuna atakayekulaumu. Niambie kufikia kesho."

Alitoka mle akiwa ameshaamua kurudisha. Alitembea korido nzima akitunga maneno, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu mabega yalikuwa mepesi. Alipopita chumba cha chai alisikia mazungumzo, na alipofungua mlango yalikatika. Watu sita, vikombe sita. Katikati yao alikuwa shoga yake, ambaye walianza kazi pamoja, na ambaye yeye alikuwa akimpa mapumziko Jumapili zote bila kuuliza. Zilikuwa Jumapili hizo zilizoanzisha malalamiko, na malalamiko ndiyo yaliyomfikisha kwenye foronya. Shoga huyo alikuwa anatazama ndani ya kikombe chake.

Huenda ni kile kikombe kilichomkasirisha. Alirudi mezani kwake, akachukua karatasi kubwa ya ratiba ya mwezi unaokuja, ikiwa tupu, akaja kuitandaza juu ya meza ya chai. Walilazimika kuinua vikombe.

"Jina nimelisikia," alisema. "Ni kweli nililia. Kisa kilikuwa karatasi hii. Nimeipanga mara nne peke yangu na mara zote nne mmenuna. Leo naipanga hapa."

Mmoja alirudisha kikombe kwenye ukingo wa karatasi, akakiondoa.

"Kila mtu aandike siku moja katika wiki ambayo hawezi kabisa. Moja tu. Hiyo sitauliza kwa nini, na hakuna hapa atakayeuliza. Siku nyingine zote nitauliza, na nitapanga."

"Na siku zikigongana?" aliuliza kijana wa kiume wa zamu ya mchana, yule yule, alimtambua kwa sauti, aliyeulizia glavu nyuma ya pazia.

"Wanaogongana watazungumza wao wenyewe, hapa, mimi nikiwepo. Wakishindwa, nitaamua, na mtanuna."

Muuguzi mzee kuliko wote, aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, alitafuta kalamu kwenye nywele zake, akaandika Ijumaa. Kijana akaandika Jumatatu. Kalamu ilipofika kwa shoga yake, alikaa nayo muda. Kisha akaandika Jumapili, kwa herufi ndogo, na hakuna aliyesema kitu, ingawa wengine wawili nao walikuwa wanaitaka Jumapili. Wale wawili walitazamana. Mmoja alisema yeye ataandika Jumamosi, mradi Jumapili awe anamaliza saa nane. Ilichukua saa moja na nusu, wasiokuwepo wakiulizwa kwa simu, na katikati yake walisimama mara mbili kwenda kwa watoto. Mwishoni kijana alimsogezea msimamizi kalamu.

"Sista, nawe andika. Au wewe siku zote unaweza?"

Hakuwa amefikiria hilo. Aliandika Jumamosi, siku yake ya kufua.

Walipotawanyika shoga yake alibaki akikusanya vikombe. "Ni mdogo wangu," alisema, akiwa amempa mgongo, maji yakitiririka. "Yuko kwenye kile kituo cha wagonjwa wa akili, ng'ambo ya mji. Wanaruhusu kutembelewa Jumapili tu. Nisipokwenda hali chakula wiki nzima."

"Nimesema sitauliza."

"Hujauliza. Nimekuambia." Akafunga bomba. "Ungeniuliza siku ile, ningekuambia. Wewe ulinipa tu, kama unanipa sadaka, halafu wenzangu wakanichukia."

Hilo lilimwingia. Alirudi ofisini kwa matroni jioni hiyo, akamwambia funguo anabaki nazo, na kwamba wodi inahitaji maboksi mawili ya glavu.

*

Nyumbani alimkuta mumewe jikoni, aproni imefungwa juu ya shati la kazini, akiukoroga mchuzi kama anayetafuta kitu kilichozama ndani yake. Rula alikuwa mezani.

"Baba Rula," mkewe alisema, na Rula akashusha pumzi kama mtu aliyetua ndoo, "hiyo barua aliyonieleza binti yako iko wapi?"

Alimletea nakala. Mkewe aliisoma akiwa amesimama.

"Umeandika wodi haikubaki bila kiongozi."

"Nimeandika."

"Na ukaomba radhi mbele ya kamati nzima. Mimi je?"

Mume aliweka mwiko chini. "Nisamehe," alisema. "Niliona ni hadithi nzuri. Sikuona kwamba ni yako. Ulipokuwa unaniambia, nusu yangu ilikuwa inakusikiliza na nusu ilikuwa inaandika. Ile nusu ya pili naionea haya."

Alisema hivyo tu, na kwa kuwa hakuongeza neno la kujitetea, mkewe alivuta kiti.

"Nionyeshe masomo yako sita," alisema.

Rula ndiye aliyekwenda kuleta andiko, mbio, kabla mtu hajabadili mawazo. Mama alichomoa kalamu kwenye mfuko wa sare.

"La kwanza, Nadharia za Usimamizi. La pili, Misingi ya Uhasibu. La tatu, Mipango na Mikakati. La nne... la tano..." Kalamu ilishuka mpaka chini. "La sita, Kuongoza Watu. La sita, Baba Rula?"

"Lazima wawe na msingi kwanza."

"Mimi watu nilipewa siku ya kwanza. Saa mbili asubuhi nilipewa funguo, saa mbili na dakika tano mmoja akaniambia mwenzake kamnunia. Mwanafunzi wako akiacha baada ya somo la pili, atakuwa anajua mikakati tu."

Akachora mshale mrefu kutoka chini ya ukurasa hadi juu. Mume aliutazama mshale ule ukipita juu ya kazi yake ya mwaka mzima. Alikuwa na mengi ya kusema kuhusu mpangilio wa mitaala. Alikwenda kuzima jiko.

"Na hapa," Rula alisema, akisogeza kiti, "mmeweka sharti la kufaulu hisabati ya biashara. Sisi wa usanifu hatuna hilo somo. Wa muziki hawana. Wa uuguzi hawana. Baba, hii umewaandikia wanafunzi wako wa kila siku. Sisi hatumo."

"Kwa nini hukuniambia uliposahihisha?"

"Uliniambia nisahihishe herufi."

Walikula karatasi zikiwa pembeni ya sahani. Baada ya chakula mama aliomba karatasi tupu. Aliandika kwa mkono, kwa mwandiko ule wa chati za wagonjwa, ulionyooka, usio na mapambo. Aliandika nusu ukurasa. Hakutaja stoo. Aliandika mambo matano ambayo angependa mtu awe amemfundisha chuoni kabla hajapewa watu kumi na wanne, na la kwanza lilikuwa namna ya kumkatalia rafiki, na la pili namna ya kumkubalia. Chini aliandika jina lake kamili na cheo chake.

"Si lazima uweke jina," mume alisema.

"Nimeliweka mwenyewe. Hiyo ndiyo tofauti."

Usiku huo mto ulirudi mahali pake.

*

Ijumaa kamati ilikaa saa tatu na nusu asubuhi. Mhadhiri aliisoma ile nusu ukurasa jinsi ilivyokuwa, bila kuongeza. Alipomaliza, mkuu wa idara ya uuguzi, mwanamke mwembamba mwenye miwani ya kamba, aliomba nafasi kabla ya wengine.

"Nakala zile nilizigawa mimi," alisema. "Sikufikiri zitakwenda wapi. Nitamfuata mwenyewe." Na kweli Jumatatu alikwenda wodini, akasubiri kwenye benchi pamoja na akina mama wenye watoto mpaka alipopata nafasi ya kumwona.

Mkuu wa uhandisi hakuwa na ubaya na fani hiyo, alichotaka kujua ni ada ya mwanafunzi wake ikienda kusomea usimamizi itahesabiwa kwa nani. Wakabishana juu ya hilo kwa dakika arobaini, muda mrefu kuliko walioutumia kwa masomo yote sita. Mkuu wa kitivo, kwa sauti yake ndogo, alipendekeza ada ibaki kwa idara ya mwanafunzi kwa mwaka wa majaribio. Hapo kila mtu akaona fani ni nzuri. Walipitisha nafasi arobaini, mwaka mmoja wa majaribio, kuanzia muhula unaofuata, na somo la kwanza likiwa Kuongoza Watu. Sharti la hisabati liliondolewa bila hata mtu kuinua mkono.

Kuhusu kupandishwa daraja hakuna aliyesema kitu. Mhadhiri alipewa ukumbi uliopakana na karakana ya useremala, ambao hakuna mwingine aliyekuwa anautaka kwa sababu ya msumeno. Alirudi nyumbani kwa miguu ingawa ni mbali, akinunua machungwa njiani.

Jina la Mama Stoo halikutoka wodini. Ila wazazi wa watoto waliolisikia walidhani lina maana ya mwenye dhamana ya stoo, wakaanza kumwita hivyo kwa heshima, wakimwomba mashuka. Baada ya muda naye aliacha kugeuka kwa hasira.

*

Siku ya kwanza ya darasa walikuja arobaini na watatu. Watatu walikaa madirishani. Walikuwepo wa kilimo, wa fizikia, wa muziki, wa uuguzi watano, na safu ya nyuma Rula, aliyekubaliana na baba yake kwamba humo ndani hawajuani. Mhadhiri alisubiri msumeno unyamaze, akagawa kadi ndogo, akawaomba kila mmoja aandike jambo moja la watu lililomshinda. Wasiandike majina, ya kwao wala ya wengine, na akawaomba ruhusa ya kuzionyesha kwa mtu mmoja. Aliwaeleza mtu huyo ni nani. Aliuliza mara mbili kama kuna asiyeafiki, mpaka safu ya nyuma mtu mmoja akaanza kuangalia dari.

Mkewe alizisoma alasiri ile, amekaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, kadi mapajani. *Ninaongoza kwaya. Mwenye sauti nzuri kuliko wote ndiye anayechelewa.* *Shambani kwa baba vibarua wananisikiliza akiwepo baba.* *Mimi ni kapteni wa timu. Golikipa wetu hadaki, na ni kaka wa mchumba wangu.* Kwa hiyo ya mwisho alicheka mpaka akajishika ubavu. Halafu akapata moja ya herufi zilizonyooka kama zimechorwa kwa vifaa: *Kazi ya watu watano nimeifanya peke yangu. Nimepata alama za juu na wenzangu wanne wamepata alama zile zile. Siwasemeshi, na nimechoka.* Hiyo aliishika muda mrefu kuliko nyingine, akairudisha katikati ya kadi, kwa kuwa haikuwa na jina.

"Darasa lako lijalo ni lini?" alimuuliza mumewe.

"Jumanne, saa nne."

"Jumanne niko zamu ya asubuhi."

"Sijakuomba uje," mume alisema haraka. "Yaani, natamani. Lakini sijaomba."

"Najua hujaomba."

Alichukua simu, akampigia shoga yake.

"Hujambo, shoga. Nina ombi, unishikie zamu ya asubuhi Jumanne, na unaweza kulikataa."

Upande wa pili kulisikika maji na sufuria. "Ni ombi la msimamizi au la shoga?"

"La shoga."

"Basi nisubiri nifikirie."

Akasubiri. Alimsikia mwenzake akisuuza sufuria, akiigeuza, akisuuza nyingine, bila haraka yoyote. Mumewe alisimama na kikombe mkononi, akitaka kuuliza kuna nini, akazuiwa kwa kidole.

"Jumanne yako nitaishika," sauti ilisema mwishowe. "Lakini Alhamisi unanishikia."

"Nitakushikia."

Aliiweka simu chini, akazitandaza kadi zote arobaini na tatu sakafuni, akaanza kuzipanga upya, zipi atakwenda nazo.